Kuni za Mwezi wa Kwanza

Mafinga,
10 Juni 2024

Kwa Fundi Joyness,
Mwanjelwa, Mbeya.

YAH: KUPANDISHA TOLEO LA PROGRAMU YA MAHESABU YA NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mstaafu, zamani karani wa mahesabu kwenye shamba la miti. Mke wangu, Mwalimu Faustina, alifariki tarehe 14 Septemba mwaka jana. Ndani ya mfuko wa kompyuta yetu aliacha karatasi yenye maneno haya: "Ikisumbua ipelekwe kwa Joyness, Mwanjelwa, si kwa mwingine." Mafinga kuna mafundi wanne na Iringa sijui wangapi, lakini marehemu hakuwa mtu wa kuandika asichomaanisha. Ndiyo sababu naituma kwako kwa basi.

Tangu mwaka 2008 tumetunza hesabu za nyumba kwa programu iitwayo Mkoba, toleo la 2. Yeye aliingiza, mimi nilimsomea stakabadhi. Sasa kompyuta hiyo inazima ovyo, na mpya niliyonunua, ambayo imo katika boksi hilohilo, inakataa toleo la 2. Naomba uweke toleo la 5 na kuhamishia miaka yote. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo hapa hakuna wa kunisaidia kubonyeza.

Kazi ina tarehe. Septemba 14 ni misa ya mwaka, na kabla ya hapo natakiwa kujengea kaburi lake. Sitaki kuagiza marumaru bila kujua nyumba ina nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuwasiliane kwa barua. Maneno ya simu yakiisha yameisha. Karatasi inabaki kwenye faili. Kondakta wa basi la asubuhi ananifahamu.

Wako,
Edmund Mgaya


Mwanjelwa,
17 Juni 2024

Shikamoo Mzee Mgaya,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, ikabidi nikae. Sikujua kama Mama Mwalimu amefariki. Nilimtegemea Desemba iliyopita, hakutokea, nikajua amepata fundi wa karibu.

Alikuwa anakuja kila mwaka. Mara nyingi nilifungua kompyuta nikakuta nzima kabisa, akaniambia, "Basi pulizia vumbi tu." Halafu anakaa kwenye stuli yangu saa nzima ananiuliza biashara inakwendaje na kama mchana nimekula. Nilikuwa najiuliza mtu anatoka vipi Mafinga hadi Mbeya kwa ajili ya vumbi. Lakini mteja ni mteja.

Kazi yako inawezekana, ila nina maswali kabla sijaapdeti. Mkoba 5 ina nafasi ndogo ya maelezo, herufi ishirini tu. Mama Mwalimu aliandika maelezo marefu karibu kila muamala, nimehesabu 2,311, na yote yatakatwa. Niyaandike pembeni, au basi? Pia kuna akaunti mbili, "Mwalimu" na "Karani". Zibaki mbili? Na kuna makundi ya zamani ambayo hayatumiki tena, kama lile la "Dhamana ya Amos". Hayo huwa tunayafuta ili programu iwe nyepesi.

Nasubiri maelekezo. Bei ni elfu arobaini na tano.

Joyness, Fundi


Mafinga,
21 Juni 2024

YAH: MAJIBU YA MASWALI YAKO MATATU

Umefanya vyema kuuliza. Fundi asiyeuliza hugharimu.

Maelezo yakatwe. Namba zinatosha. Marehemu alikuwa mwalimu, alizoea kuandika pembeni ya kila kitu.

Akaunti ziunganishwe ziwe moja, iitwe "Nyumba". Mume na mke hawana pesa mbili.

Kundi la "Dhamana ya Amos" lisifutwe. Ni kweli halina muamala tangu 2011. Huyo ni dereva wa lori la mbao niliyemdhamini mkopo kwenye SACCOS ya kazini. Akavuka mpaka wa Tunduma na lori, na mimi nikakatwa mshahara miezi thelathini na sita. Nataka niwe naliona.

E. Mgaya


Mafinga,
22 Julai 2024

YAH: KUNI

Kompyuta ilifika salama tarehe 3. Programu inafanya kazi, nami nimejifunza kuingiza mwenyewe. Hapo huna lawama.

Toleo hili lina jambo ambalo la zamani halikuwa nalo. Linachora duara lenye rangi, kila kundi la matumizi na kipande chake. Nilibonyeza nione miaka yote kwa pamoja. Chakula kilikuwa kijani, nyumba bluu. Kulikuwa na kipande chekundu nisichokitarajia, kimeandikwa "Kuni", shilingi 6,540,000.

Fundi, wewe ni wa Mbeya, kwa hiyo nitaeleza. Hapa Mafinga hakuna anayenunua kuni kwa pesa hiyo. Viwanda vya mbao vinatoa mabanzi, yale maganda ya magogo, na toroli zima ni elfu tatu. Tena kuanzia 2012 sisi tunapikia gesi. Lakini muamala wa mwisho wa kuni ni Machi 2017.

Nimefungua miamala mmoja mmoja. Iko kumi na tano. Januari na Julai kila mwaka tangu 2010, laki tatu na nusu, baadaye laki tano na nusu, halafu mmoja wa mwisho wa 440,000. Kwenye maelezo kumebaki maneno kama "Kuni za mwezi wa kwa", basi. Kukatwa kwake niliagiza mimi, hilo nalikubali.

Nilikaa na mwanamke huyo miaka thelathini na moja. Sijawahi kumhisi hata kwa shilingi ya chumvi.

Nasikia mafundi huweka nakala ya akiba. Tafadhali soma maelezo ya zamani ya miamala hiyo kumi na tano, uniandikie nani alilipwa.

E. Mgaya


Mwanjelwa,
30 Julai 2024

Shikamoo Mzee,

Nakala ya akiba nimeiangalia. Maelezo ya zamani yamechanganyika na siwezi kuyasoma kwa uhakika. Mambo kama haya hutokea wakati wa kuhamisha.

Ningekushauri uendelee na ujenzi wa kaburi. Kuni ni za zamani.

Joyness, Fundi


Mwanjelwa,
30 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimempa Lusia wa duka la jirani akuletee mwenyewe hapo Ipogolo, kwa sababu simu yako inasomwa na wauza nyanya wote wa barabarani. Soma ukiwa peke yako.

Mjomba wa Kyela, uliyesema ndiye ananilipia ada, ni nani?

Nauliza kwa sababu leo nimesoma hesabu za mteja aliyefariki, Mwalimu Faustina Mgaya wa Mafinga. Mumewe anataka kujua milioni sita na nusu zilikwenda wapi. Nimefungua nakala ya zamani, muamala wa Januari 2010, nikakuta jina la shule yangu. Nikafungua Julai, nikakuta nafasi niliyoshika darasani. Mama, mimi ndiye zile kuni. Nimesoma zote kumi na tano hadi ile ya 2017, mtaji wa duka hili, ambao wewe uliniambia ni zamu yako ya upatu.

Nimelia dukani mchana kweupe, wateja wanaona. Nimemwandikia mzee uongo kwamba maelezo hayasomeki. Ni uongo wa kwanza kumwambia mteja.

Na yule "Amos" kwenye hesabu zao, aliyevuka Tunduma na lori, ni baba?

Nijibu haraka.
Joyness


Ipogolo, Iringa,
8 Agosti 2024

Mwanangu Joyness,

Marahaba. Nimeisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Ni baba yako. Wewe ulikuwa kwa bibi Tukuyu, hukuyaona yale. Mzee Mgaya alimdhamini kwa moyo mweupe, akaja kukatwa mshahara mpaka akawa anakwenda kazini kwa miguu. Aliapa mbele ya watu kwamba shilingi yake haitaingia tena katika nyumba ya Amos. Mimi nikahama Mafinga kwa aibu, nikaja hapa Ipogolo kuuza vitunguu.

Mwalimu Faustina alikuwa jumuiya moja ya kanisani na mimi. Alinifuata hapa mwaka 2009, mwezi wa kumi na mbili, akakuta umefaulu na sina hata ya sare. Akasema atalipa yeye, kwa sharti nisikwambie wewe wala mtu. Mjomba wa Kyela nikamtunga mimi. Zile barua ulizokuwa unamwandikia mjomba, zote nilimpelekea yeye. Alizihifadhi kwenye mkebe wa biskuti.

Sasa mwanangu, siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyekuwa na siri amelala, tumwache alale nayo. Ukimwambia yule mzee, kwanza atakudai, na kwa haki yake. Halafu atalichukia jina la mke wake kama anavyolichukia letu. Mpe kompyuta yake, muachane salama.

Kula vizuri. Ndaga, asante mwanangu.
Mama yako, Yudith


Mafinga,
19 Agosti 2024

YAH: KUFUTA NAKALA YA AKIBA

Jibu lako la tarehe 30 Julai lilifika. Lilikuwa fupi. Safari hii hukuuliza hata swali moja, nami nikalichukua kwamba hakuna la kuuliza.

Nimefikia uamuzi. Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, Sosthenes, Iringa mjini. Miaka hiyohiyo ya kuni alikuwa anajenga nyumba, na sikuwahi kuelewa kwa pesa gani. Nilimwandikia na kumweleza hesabu. Amejibu kwamba hatakanyaga kwangu tena na kwamba misa nitasali peke yangu. Kwetu kaburi halijengewi bila upande wa marehemu kuwepo na kuridhia. Kwa hiyo fundi uashi nimemrudisha kwao, saruji mifuko kumi na miwili iko stoo, na marumaru sijaagiza. Kaburi litabaki udongo.

Nisingependa uone kwamba ninalipiza kisasi. Sijengi juu ya hesabu isiyofunga, basi.

Nakala ya akiba ifutwe kabla ya tarehe 31. Sihitaji tena kujua. Nitapenda unithibitishie kwa maandishi.

E. Mgaya


Mwanjelwa,
24 Agosti 2024

Shikamoo Mzee Mgaya,

Nakala sijaifuta. Nilikudanganya, na naomba unisamehe kabla hujasoma mbele. Maelezo yanasomeka, yote, tangu siku ile uliponiuliza.

Sosthenes hakupewa hata senti. Nimechapa kurasa tano, zimo kwenye bahasha hii, maelezo yote kumi na tano kama yalivyoandikwa. Nakutolea manne hapa kwa sababu naogopa utaichoma bahasha bila kuifungua.

Januari 2010: "Kuni za mwezi wa kwanza. Ada ya J., kidato cha kwanza. E. bado anakatwa mshahara kwa ajili ya baba yake, asijue. Mtoto hakukopa."

Julai 2011: "Kuni za mwezi wa saba. J. amekuwa wa nne. Nimenunua soda nikainywa peke yangu."

Januari 2013: "Kuni za mwezi wa kwanza. Barua yake imefika, kurasa mbili. 'Mjomba mpendwa.' Nimecheka mpaka maziwa yakafurika jikoni."

Machi 2017: "Kuni za mwezi wa tatu. Mtaji wa duka Mwanjelwa. Ya mwisho. Sasa nitakuwa nampelekea kompyuta, hata isiposumbua."

J. ni mimi. Baba yangu ni yule Amos. Simjui sana, lakini ndiye. Mama yangu alinikataza kukuandikia, na nimemkaidi kwa mara ya kwanza, kwa sababu siwezi kukaa kwenye duka hili huku Mama Mwalimu analala kwenye udongo kwa kosa langu la kunyamaza.

Jambo jingine ni la kifundi. Ulipoagiza niunganishe akaunti, programu ilisahau pesa ilitoka wapi. Kwenye toleo la zamani inaonekana. Kila malipo ya kuni yalitoka kwenye akaunti ya "Mwalimu", siku mbili au tatu baada ya mshahara wake. Ya "Karani" haikuguswa hata mara moja. Ungelijua hilo tangu mwanzo kama ningekushauri usiunganishe. Fundi niliona, nikanyamaza, kwa vile mteja ndiye anayelipa.

Milioni sita na laki tano na arobaini ninaweza kurudisha laki moja na nusu kila mwezi. Nimepiga hesabu, ni miaka mitatu na miezi minane. Nitaanza Septemba ukikubali. Lakini nakuomba, mzee, mwite fundi uashi.

Joyness Amos Mwasomola


Mafinga,
6 Septemba 2024

Kamwene binti,

Barua hii haina kichwa cha habari.

Bahasha yako niliipokea tarehe 27. Nilisoma mara moja, nikairudishia karatasi zake, nikakaa siku tatu bila kuigusa. Siku ya nne nikafanya kazi niliyoifanya miaka thelathini na miwili, yaani kuhakiki. Nilitoa hati za mshahara za mke wangu na kuzilinganisha na kurasa zako, muamala kwa muamala. Mara zote kumi na tano pesa ni yake. Mwaka 2008 niliapa kwamba shilingi yangu haitaingia tena katika nyumba ya Amos. Nimehakiki: haikuingia. Alinitunzia kiapo changu, huku akifanya alichotaka.

Mkebe wa biskuti niliukuta juu ya kabati, nyuma ya vyombo vya wageni. Barua zako zimo, kumi na moja. Mwandiko wako ulikuwa mbaya sana kidato cha kwanza.

Limeniuma, binti, na nikilificha nitakuwa mwongo. Si pesa. Limeniuma kwamba miaka saba alizisoma barua hizi peke yake jikoni, akacheka peke yake, kwa sababu alijua mimi nitasema nini. Na alikuwa sahihi. Ningesema hivyohivyo.

Kwa Sosthenes nilikwenda mwenyewe, si kwa barua. Aliniacha nimesimama nje kwa muda mrefu, kisha akaniletea chai hapohapo nje, kisha akanikaribisha ndani. Nyumba yake aliijenga kwa mkopo, hati alinionyesha bila kuombwa. Atakuja. Fundi uashi alianza Jumatatu. Mifuko miwili ya saruji ilikuwa imeganda, kumi imetosha.

Pendekezo lako la laki moja na nusu kwa mwezi nimelikataa. Deni hudaiwa na mwenye pesa. Nimetafuta neno hilo katika kurasa zako zote tano na halipo. Lipo "mtoto", mara tisa.

Kuna jambo moja nataka kutoka kwako. Siku ya mazishi mwaka jana, msimamizi wa ratiba aliita, "Watoto wa marehemu, shada la maua." Hakutoka mtu. Watu wakatazama chini, naye akaruka akaita majirani. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kofia mkononi. Safari hii ratiba nimeiandika mwenyewe, na paroko ameshaipitia. Kwenye mashada, mstari wa kwanza baada ya mume umeandikwa: Watoto, Joyness.

Njoo Ijumaa tarehe 13, ulale hapa. Mama yako aje pia. Mwambie aliyeapa ndiye anayemkaribisha. Vaeni masweta mazito, Septemba ya huku bado inauma asubuhi.

Elfu arobaini na tano yako utaikuta mezani, maana naona hukuidai. Na imebaki kazi moja ya programu, utanifanyia ukifika, mimi nimejaribu nikashindwa mahali pa kubonyeza. Kundi la "Kuni" liache kama lilivyo, na urudishe maelezo yake yote, hata ukilazimika kuyaandika kwa mkono. Lile la "Dhamana ya Amos" lifute.

Edmund Mgaya